Majina 19: shajara ya kikundi chetu, Mufindi

Novemba 10, 2024

Leo tumekabidhiwa karatasi. Ina majina 19 ya watu wa upande wetu ambao kliniki inawaita watoro, yaani miezi imepita hawajaonekana kuchukua dawa za kufubaza VVU. Tumekaa watatu tu, mwenyekiti, mtunza hazina na mimi katibu, kwa sababu ndio tuliopata mafunzo ya uhudumu ngazi ya jamii na tukala kiapo cha kutunza siri. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamlinda mtu asitangaziwe hali yake. Hata bila sheria, kijiji chetu ni kidogo. Ukikohoa usiku, asubuhi ng'ambo ya bonde wanakupa pole. Kwa hiyo humu ndani hakuna jina, kila mtu ana namba. Karatasi yenyewe tumeifungia kwenye sanduku la hisa, tunamoweka akiba za kikundi, lenye kufuli tatu. Kijiji nacho sitakitaja. Kipo kati ya Nyololo na Kibao, chai upande mmoja, misonobari upande wa pili.

Karatasi ina safu nne: namba ya kadi, jina, tarehe ya mwisho kuonekana, sababu. Safu ya sababu iko tupu kuanzia juu mpaka chini.

Mimi niko kwenye dawa tangu 2005, mwaka mmoja baada ya serikali kuanza kuzitoa bure. Nimeshuhudia watu wakiacha, na sijaona hata mmoja aliyeacha kwa sababu anapenda kufa. Nimewaambia wenzangu kazi yetu ya kwanza ni kuijaza hiyo safu. Kumrudisha mtu kutafuata.

Novemba 24, 2024

Wiki mbili, nyumba saba. Namba 2 na Namba 15 sio watoro. Mmoja alihamia Makambako kufuata biashara ya parachichi, mwingine yuko Chimala kwenye mpunga. Wote wanameza dawa vizuri. Waliogopa kuomba barua ya uhamisho, wakajiandikisha huko kama wageni. Nimewapa ujumbe kliniki ili kadi zao zirekebishwe.

Namba 5 na Namba 18 wamefariki. Kwa Namba 18 tulimkuta mama yake anapukuchua mahindi. Tulipotaja jina la mwanawe alisimama, akapangusa mikono kwenye khanga, akauliza kama kuna deni aliliacha. Amezikwa mwezi wa saba. Kwenye karatasi yetu bado anasubiriwa kwenye dirisha la dawa.

Tumekaa kumsaidia kupukuchua mpaka jua likazama.

Desemba 1, 2024

Siku ya UKIMWI Duniani. Kata imeweka hema, watu wamepima, kwaya imeimba. Afisa aliyesoma takwimu alisema utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta watu wazima 11.1 kati ya kila 100 mkoani Iringa wana VVU, Njombe 12.7, Mbeya 9.6, wakati Tanzania nzima ni 4.4. Kulikuwa na minong'ono kwenye benchi za nyuma, watu wakitazamana. Nilipewa dakika tano nikazitumia hapo hapo: kwenye hiyo 11 mimi nimo, na nimo kwa sababu niko hai. Miaka ya nyuma mtu alikuwa akiingia kwenye hesabu na kutoka kwa jeneza. Mtu anayemeza dawa, virusi vikalala mpaka kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hilo nililirudia mara mbili, maana bado watu wengi hawajalisikia.

Desemba 14, 2024

Namba 7. Nataka niiandike siku hii vizuri.

Ni mchuma chai, mama wa watoto watatu, analala kambini chumba kimoja na wachumaji wenzake watatu. Nilienda peke yangu nikiwa na mayai kwenye kapu, ili nionekane muuzaji. Alinitambua kutoka kliniki, akanivuta nyuma ya jiko. Sikumuuliza kwa nini umeacha. Nilimwambia mimi miguu yangu ilikuwa inawaka moto enzi za stavudine, dawa ya zamani ya VVU, mpaka silali, mashavu yakaingia ndani, nikaacha mwezi mzima. Ndipo akaingia ndani akatoka na kopo, amelifunga kwa taulo la mtoto.

Akalifungua, akalitikisa mara moja. Cha-cha-cha.

"Dada, unasikia? Hili kopo linaongea kabla yangu."

Chumba ni cha mabanzi. Kila saa mbili usiku akilishika, wenzake wanasikia. Mmoja aliwahi kuuliza, "Njugu hizo unakula peke yako?" na wengine wakacheka. Njugu ndilo jina la mtaani la hizi dawa. Kesho yake alitupa kopo alilokuwa akilitumia, akaviweka vidonge kwenye nailoni akavificha kwenye mfuko wa unga. Huku kwetu ukungu unaingia mpaka kitandani. Baada ya wiki mbili vilikuwa vimelainika, vingine vimebaki vumbi. Aliona haya kurudi kliniki. Lile kopo alilonionyesha ni jingine, la tarehe ya mwisho kuonekana, karibu limejaa.

Nimejaza safu yake ya sababu kwa neno moja: mlio.

Tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, vidonge vya sasa, hivi vya TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, vilivyoanza kutolewa nchini 2019, ni kimoja kwa siku, na si lazima kiwe cha usiku. Anaweza kumeza alfajiri chooni kabla ya kwenda shambani, ameshakula au hajala, mradi saa iwe ileile. Yeye alishikilia saa mbili usiku kwa sababu ya dawa za zamani, zile za kuota ndoto mbaya. Pili, mimi ni fundi cherehani. Nimemwahidi nitalinyamazisha hilo kopo.

Januari 5, 2025

Kifuko cha kwanza nilikosea. Nilikishona cha mviringo kufuata kopo, na kila aliyekiona alisema, "hiki cha kopo gani?" Cha pili nimekifanya bapa, cha mstatili, kitenge nje na sponji ya godoro kuukuu ndani, zipu juu. Kinaonekana kama pochi ya mafuta na vitana. Vidonge vyenyewe tunavituliza kwa pamba safi kavu ya duka la dawa inayojazwa juu yake kabla ya kufunga kifuniko. Nesi amekubali, kwa sharti kwamba kile kipakiti kidogo cha kuzuia unyevu kisitolewe, na kopo lisiachwe wazi.

Nimeshona kumi. Vinne ni vya jinzi, vyeusi, vya wanaume wachana mbao. Mwanaume wa kambi ya mbao hawezi kutembea na pochi ya maua.

Namba 7 alikitikisa sikioni mara nyingi. Akafungua zipu, akafunga, akatikisa tena. Alirudi kliniki Desemba 19, nilimsindikiza.

Januari 29, 2025

Habari nzito. Januari 20 Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Kwetu ilifika kama ujumbe wa simu kutoka kwa shirika lililokuwa likitupa nauli ya kufuatilia watu: simamisheni kazi zote kuanzia leo. Dada wawili wa ushauri rika waliokuwa wakikaa mlangoni kliniki hawapo tena. Aliyetuandikia ujumbe tulimpigia kumpa pole, naye kazi yake ilikuwa imeisha siku hiyohiyo.

Tumefanya kikao cha dharura cha wanachama wote 31. Swali lilikuwa moja: je, tusimame? Mzee mmoja ambaye huwa hasemi alisimama akasema mwaka 2004 hapakuwa na shirika lolote hapa, kulikuwa na mkewe na baiskeli. Kura haikupigwa.

Tumekubaliana kila mwanachama aongeze shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii, na fedha hizo ziwe za nauli ya waliorudi tu. Sisi wazoefu tuna nafuu: ukiwa imara unapewa dawa za miezi mingi kwa mkupuo. Aliyerudi anatakiwa kwenda kila mwezi mpaka atulie, na bodaboda kwenda na kurudi ni vibarua vya siku mbili. Pia tumeomba kliniki itupangie watu wa upande huu tarehe moja, tukodi gari moja, Noah, tugawane nauli. Wamekubali.

Februari 9, 2025

Hofu imefanya kazi mbaya kuliko nilivyodhani. Nilipita kwa mwanachama wetu wa siku nyingi, si wa kwenye karatasi, nikamkuta na vidonge vingi kuliko tarehe inavyoruhusu. Alikuwa anameza leo, anaruka kesho. "Nabania, katibu. Wamesema zitaisha."

Leo kwenye kikao tumetandika mkeka, mwenye kutaka akamwaga vidonge vyake kwenye sahani safi tukahesabu pamoja, tangu tarehe ya kuchukua mpaka leo. Hakuna aliyelazimishwa. Watu sita walikuwa na ziada. Sita! Watu ambao miaka kumi hawajawahi kukosa.

Nesi alikuja kwa mguu, siku yake ya mapumziko, akaeleza kwa mfano wa moto wa msituni, maana huku kila mtu ameshawahi kuuzima. Ukiumwagia maji nusunusu, unaondoka, unarudi kesho, unakuta umepata njia nyingine. Kirusi nacho ukikipa dawa leo ukakinyima kesho, kinajifunza kuishi na dawa, na siku utakapomeza vizuri hakisikii. Akasema dawa dirishani zipo, akatuomba tusikimbilie kujihukumu kabla ya hukumu.

Wote sita wameahidi kurudi kwenye kidonge kimoja kila siku. Nitapita kila wiki.

Machi 2, 2025

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umekolea. Mianzi inakatwa asubuhi na jioni, vilabu vimejaa.

Namba 12 na Namba 13 ni marafiki, wote wachana mbao. Waliniambia bila kuficha: walifundishwa zamani kwamba dawa na pombe havichanganywi, kwa hiyo ulanzi ukianza, dawa zinawekwa juu ya dari mpaka Mei. Wanaona wanatii masharti. Na kila mwaka Juni wanaugua kifua, wanasema ni baridi.

Nilirudi na mhudumu wa kliniki, mwanaume mwenzao, ili waongee. Hakuwaambia waache kunywa siku hiyo. Aliwaambia: kidonge asubuhi kabla hujashika msumeno, jioni shughuli zako, na siku ukinywa usiruke kidonge kwa sababu umekunywa. Kupunguza tutaongea, kwa ajili ya ini lako na kwa ajili ya mkangafu, ulanzi uliochacha ukawa mkali, unaokufanya usahau umelala wapi na nani. Namba 13 alicheka halafu akanyamaza muda mrefu. Wamerudi wote wawili, na wamepimwa kifua kikuu kwanza. Namba 12 amekutwa nacho, ameanza dozi.

Nimewapa vifuko vya jinzi. Namba 12 amekifunga mkandani kama cha tupa ya kunolea msumeno.

Machi 29, 2025

Namba 9 ni mtoto wa miaka 14. Analelewa na bibi yake, baba na mama walishatangulia. Bibi ndiye anayetembea kwenda kliniki kumchukulia dawa, na miguu yake sasa imegoma. Tulidhani sababu ni miguu.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu, karibu motoni."

Tumekaa sana pale motoni. Kijana aliingia na kuni, akatusalimu, akatoka. Bibi akashusha sauti. Alimwambia ni dawa za kifua. Mwaka jana kijana alisoma shuleni kuhusu mapafu, akarudi akasema, "Bibi, kifua changu hakiumi, nimepona," akaacha. Naye bibi hakuwa na neno la kumrudisha, maana neno la kweli hakuwahi kulisema. "Nitaanzia wapi? Nitamwambia mama yake alimpa?"

Nilikaa kimya. Nilikumbuka Makete ya miaka ile UKIMWI ulipofyeka watu, nyumba baada ya nyumba, bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Hawa wazee walibeba kizazi kizima kilichozikwa na kizazi kizima kilichozaliwa, na hakuna aliyewapa maneno ya kubebea.

Siku ya tatu ndipo tulikaa wote: bibi, kijana, nesi na mimi. Nesi alianza kwa kumuuliza kijana mwenyewe anadhani dawa ni za nini. Akajibu moja kwa moja, akitazama moto: "Najua. Nilisoma kwenye kopo, nikatafuta kwenye simu ya rafiki." Alikuwa ameshajua miezi minane. Aliacha dawa akisubiri mtu amwambie.

Bibi akamshika kichwa. Kijana aliuliza maswali mawili: kama atasoma mpaka chuo, na kama anaweza kuoa. Nesi akamjibu ndiyo, na ndiyo, akamweleza ni jinsi gani. Mimi nilimwambia binti yangu nilimzaa 2014 nikiwa kwenye dawa na hana maambukizi. Aliniangalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Aprili mosi anaingia kwenye klabu ya vijana ya kliniki. Bibi hatahitaji kutembea tena. Kijana atakwenda na Noah yetu.

Aprili 23, 2025

Kosa letu, na ninaliandika kama lilivyotokea. Mwenzetu mmoja alikwenda kwa Namba 16 amevaa fulana ya siku ya UKIMWI yenye utepe mwekundu kifuani. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo fulana safi aliyokuwa nayo. Majirani walikuwa wanapalilia. Kufika jioni habari ilikuwa kisimani. Namba 16 alitufungia mlango, na mumewe, ambaye alikuwa hajui, akaondoka siku mbili.

Tumekwenda kuomba radhi, mwenyekiti na mimi, usiku. Alitusikiliza akiwa ndani, hakufungua. Alisema tu, "Mama, mmenimaliza." Sina cha kujitetea hapo.

Tumeweka utaratibu: hakuna fulana, hakuna daftari mkononi, hakuna kwenda wawili, unabeba kitu cha kuuza na unauza kweli. Anayemtembelea mtu lazima awe na sababu nyingine ya kufika kwake.

Namba 3 naye amekataa. Mtumishi mmoja wa Mungu amemwombea na kumwambia amepona, na kumeza dawa ni kukosa imani. Sikubishana na imani yake, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Nilimwomba tu apime wingi wa virusi, amshukuru Mungu akiwa na karatasi mkononi. Amesema atafikiria.

Mei 25, 2025

Majibu ya Namba 7 yametoka. Alichukuliwa damu Aprili, mwezi wa nne tangu arudi. Nesi alimsomea: chini ya 50. Mwanzoni alishtuka, akadhani 50 ni kinga yake imeshuka. Ilibidi aelezwe upya kwamba CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga mwilini, unataka ipande, virusi unataka vishuke, na chini ya 50 ni kwamba mashine imetafuta karibu haikuona kitu. Akauliza, "Kwa hiyo vimelala?" Vimelala, dada. Akatoa kifuko kwenye kapu la chai, akakiweka juu ya meza ya nesi kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Namba 12 anaendelea na dozi ya kifua kikuu, ameongezeka kilo tatu. Kwa kuwa anatumia rifampisin, moja ya dawa za kifua kikuu, amepewa dolutegravir, moja ya dawa zilizomo kwenye TLD, mara mbili kwa siku badala ya moja. Kifuko chake tumekiongezea mfuko wa pembeni.

Mume wa Namba 16 amerudi nyumbani. Amepima, hana maambukizi. Namba 16 bado hajafungua mlango kwetu, ila kliniki wamemwona akichukua dawa, alikwenda mwenyewe. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kukata kitambaa sawasawa.

Juni 21, 2025

Baridi kali, asubuhi majani ya viazi yameungua kwa jalidi. Cherehani nimeihamishia karibu na jiko.

Karatasi ya Novemba ilivyo leo: waliorudi ni 13 pamoja na Namba 16. Wawili walikuwa wanameza kwingine. Wawili wamefariki. Namba 3 bado anafikiria. Nampelekea maziwa kila wiki na hatuzungumzii dawa asipoanza yeye. Namba 11 hatujampata. Alikuwa kibarua wa kubeba mbao, wenzake wanasema alipanda lori la kwenda Tunduma na hawana simu yake.

Safu ya sababu karibu imejaa. Nimeisoma yote usiku huu: nauli, mlio, ulanzi, aibu ya kurudi, mume hajui, barua ya uhamisho, hakuambiwa ukweli, njaa (hawa ni watatu, kidonge kinawatesa tumbo likiwa tupu, tumewaingiza kwenye zamu ya kugawiwa unga), maombi, mgonjwa wa kuuguza nyumbani. Pa uvivu hakuna. Nitaipeleka kliniki jinsi ilivyo, na nitaomba karatasi zijazo waache kuandika "mtoro" juu yake.

Vifuko vilivyotoka ni 46. Wanakijiji wengine wasio na VVU wameanza kuviagiza vya dawa za presha na sukari, na hilo ni zuri kuliko nilivyopanga, kwa sababu sasa kifuko hakimtaji mtu.

Zipu zimeisha. Keshokutwa Noah inakwenda Mafinga, nitanunua dazeni mbili, nyeusi. Kimoja nitakishona nikiweke kwenye sanduku kwa ajili ya Namba 11.